Abiria wa Nne

Siku mkwe wangu alipoletwa nyumbani kwangu kujitambulisha, nilimuuliza maswali mawili tu. La kwanza, anafanya kazi gani. Akajibu, macho kwenye zulia, kwamba anapeleka watu mtoni, kwenye maporomoko, kwa boti la mpira. La pili nikamuuliza: "Na unawarudisha?"

Watu walicheka. Mjomba wake mwenyewe alicheka mpaka akapaliwa na chai, ikabidi apigwe mgongoni. Kijana hakujibu. Alitabasamu kidogo, akakunja mikono mapajani, na kuanzia siku hiyo akawa ananiheshimu kupita kiasi. Mimi swali lile nililisahau kabla vikombe havijaoshwa.

Nijieleze, nisije nikaonekana mkorofi bila sababu. Mimi ni mkunga. Nimestaafu, lakini kilichostaafu ni miguu. Miaka thelathini na moja nimesimama mbele ya wanawake nikiwaambia sukuma, acha, pumua, usinivunjie kitanda, na hakuna aliyepata nafasi ya kuniuliza kwa nini. Wodi ile haikuwa na muda wa samahani. Nilipotoka kazini niliacha ufunguo wa kabati na koti jeupe, sauti nikaondoka nayo.

Binti yangu alipofikisha miezi saba ya ujauzito wa kwanza, nilifunga sanduku nikaenda kukaa kwao. Ni nyumba ya vyumba viwili na jiko, karibu na mto kiasi kwamba ukizima redio unausikia ukutani. Kila kitu mle kina unyevunyevu. Kamba zinaning'inia bafuni, majaketi ya kuelea yamepangwa nyuma ya mlango, na kofia ngumu ya mwenye nyumba inakaushwa kwenye rafu ya vyombo, katikati ya masufuria. Hayo yote niliyavumilia. Kilichonishinda ni adabu ya mkwe.

Alikuwa ananisalimia kila tunapokutana. Sisemi kila asubuhi, nasema kila tunapokutana. Nikitoka chooni, shikamoo mama. Nikirudi kuchukua miwani niliyoisahau chooni, shikamoo mama. Nikiingia sebuleni, yeye anatoka na sahani yake kwenda kulia jikoni. Akihitaji chumvi hasemi nipe chumvi, anasema, "Mama, samahani, sijui kama chumvi haijasogea huko kwako." Siku moja nilisimama dirishani nikiangalia mvua kwa muda mrefu, kumbe nimemkanyaga mguu. Hakusema neno mpaka nilipohama mwenyewe.

Ingeishia nyumbani, ningesema ni tabia tu, nikaiacha. Lakini tabia ile ilikuwa inamla kazini.

Alikuwa na miaka minane pale mtoni, na yote minane alikuwa msaidizi. Anabeba boti, anaziba matundu, anapiga kasia mbele huku mtu mwingine amekaa nyuma anaamuru. Anayekaa nyuma ni nahodha, na huwezi kuwa nahodha bila kufaulu mtihani wa mto. Mtihani wenyewe unafanywa mara tatu tu katika maisha ya mtu. Ukianguka mara ya tatu, unabaki kwenye gundi na viraka mpaka uzeeke.

Mara ya kwanza alishuka na wafanyakazi wenzake. Waliujua mto jiwe kwa jiwe, wakawa wanapiga kasia kabla hajafungua mdomo. Boti lilishuka vizuri sana, na mtahini akaandika: "Boti limeendeshwa na abiria." Wasimamizi wakatunga sheria mpya kwa ajili yake: mtahiniwa alete abiria wanne ambao hawajawahi kushika kasia.

Mara ya pili akaleta wageni. Kati yao alikuwemo mzee mmoja wa heshima, mhasibu mstaafu, na mkwe wangu akamwambia, "Mzee, samahani, kama hutajali, tungepiga kasia kwa nyuma." Mzee akageuka ili asikie vizuri. Walikaa juu ya jiwe dakika arobaini. Mtahini akaandika: "Haamuru. Anaomba."

Sasa ilikuwa imebaki mara ya tatu, na hapo ndipo na mimi ninapoingia. Kaka yake alikuwa amemtafutia nafasi kwenye ghala la vigae, katika mji ulio mbali siku mbili kwa basi. Walikubaliana na binti yangu: akifaulu wanabaki, akianguka wanahama mwisho wa mwezi. Nimepokea watoto wa watu wengi kuliko ninavyoweza kuwakumbuka, na mjukuu wangu wa kwanza nilikuwa naelekea kupewa habari zake kwa simu. Hilo liliniuma. Sikulisema, lakini sahani za siku zile zilioshwa kwa kelele.

Asubuhi ya mtihani abiria watatu walifika mapema: kinyozi wa pale njia panda, mwalimu wa hesabu, na mke wa mwalimu. Wa nne, muuza magodoro, alituma ujumbe kwamba ameshikwa na tumbo. Tumbo la aina hiyo nalijua, huwa linaanzia magotini.

Mkwe wangu alisoma ujumbe mara mbili, akaketi kwenye kizingiti. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na tumbo lake. Akanitazama.

"Usinitazame hivyo," nikamwambia.

"Mama, wewe unajua kuogelea."

"Najua. Nimekulia kando ya bwawa. Bwawa limetulia, halina safari."

"Hapana, hapana," mkwe akaruka. "Mama hawezi. Yaani, samahani mama, si kwamba huwezi. Nilikuwa nasema, ukiweza, lakini usiweze kwa ajili yangu."

"Maliza sentensi," nikasema, "kisha unionyeshe nguo za kuvaa."

Mtahini tulimkuta ukingoni, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa mpira wa nguo ya ndani, na kibao cha plastiki kifuani. Anaandika kwa penseli, maana wino ukilowa unakimbia. Alitusalimia kwa kichwa na kuanza kuandika kabla hatujajibu. Nikampenda.

Kazi ya kwanza ya nahodha ni kukagua majaketi. Anamshika abiria mikanda ya mabegani na kuvuta juu, na jaketi likipanda anakaza. Kinyozi alivutwa mpaka akasimama kwa ncha za vidole. Mwalimu na mkewe nao wakakazwa vizuri. Alipofika kwangu, mkwe alisimama umbali wa mkono mmoja, akaweka mikono nyuma ya mgongo, akainama kunikagua kama mtu anayesoma tangazo.

"Mama, wewe mwenyewe unalionaje? Limekubana?"

"Limenibana."

"Ahsante sana, mama."

Halikunibana. Lakini ningesema nini, nimwambie anishike mabega mbele ya mwalimu wa hesabu? Penseli ya mtahini iliandika kitu kirefu.

Kisha akatufundisha amri. Ni nne tu: mbele, nyuma, acha, chini. Ukisikia chini unaporomoka kwenye sakafu ya boti na kuficha kichwa. Tukapangwa, kinyozi na mwalimu mbele, mke wa mwalimu kulia na mimi kushoto, nyuma yetu mkwe, na mtahini amejibana ubavuni pake. Mbele kabisa alitangulia mwokoaji katika kimtumbwi chake cha mtu mmoja.

Maporomoko ya kwanza wanayaita Jikoni, kwa sababu kila kitu kinachemka. Nilisikia mkwe akivuta pumzi. "Kulia, mbele!" alisema, na kwa kweli alisema vizuri. Kisha akashusha sauti. "Na upande wa kushoto pia, kama itawezekana."

Upande wa kulia ulipiga kasia. Wa kushoto, ambao kwa nyuma ni mimi, ulikuwa bado unajiuliza kama itawezekana. Boti likageuka, na Jikoni tukaipita kinyumenyume. Kinyozi akadhani ndivyo inavyofanywa, akashangilia.

"Mama," mke wa mwalimu akaninong'oneza, kwa sababu watu wakichanganyikiwa huwa wananifuata mimi, sijui wanaona nini, "sasa tufanye nini?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo lote, na sauti yake, nimeshafungua mdomo. Nikageuka kidogo, nikakuta penseli ya mtahini imesimama hewani inanisubiri. Nikakumbuka ile karatasi ya mara ya kwanza: boti limeendeshwa na abiria. Nikikohoa tu, mjukuu anapanda basi. Nikafunga mdomo. Nimefunga vitu vingi maishani mwangu, mdomo huo ulikuwa wa kwanza.

Tulikwenda hivyo kwa muda. Kwa kinyozi amri zilitoka safi, kwa mwalimu safi, kwa mke wa mwalimu zilianza kukwaruza, na zikifika kwangu zilikuwa zimevaa kanzu na viatu. Nilikuwa nayaona mawe yakija, nayaona kabisa, na ulimi wangu ulikuwa umebanwa kati ya meno. Wanawake niliowakataza kupiga kelele miaka yote ile, nawaomba radhi hapa.

Halafu tukausikia mngurumo. Mwalimu aliuliza kwa sauti nyembamba huo ni mlio wa nini. Mkwe akasema ni Mahakama. Ndiyo maporomoko makubwa kuliko yote pale, na anayeingia vibaya anahukumiwa hapo hapo. Kabla ya kuyafikia kuna jiwe moja katikati ya mto, jeusi, limekaa kama mtu aliyekataa kuhama, na boti lilikuwa linaelekea kwake moja kwa moja. Ilihitajika amri moja tu: kushoto, nyuma.

"Mama," mkwe akasema, "samahani, nilikuwa naomba, kama hujachoka, upande wako huo, kidogo tu, tungejaribu..."

Nadhani palikuwa na maneno mengine mazuri njiani. Jiwe halikuyasubiri. Boti liliinuka upande wangu, na mimi nikatoka kama mbegu ya chungwa.

Maji ya mlimani hayana mzaha. Niliingia mzima na kwa muda sikujua juu ni wapi. Nilipoibuka, lile jaketi ambalo halikunibana lilikuwa limepanda mpaka masikioni, na mimi niko ndani yake nachungulia. Boti lilikuwa hapo hapo pembeni yangu, tunakwenda sambamba, na mngurumo wa Mahakama umeongezeka. Mwokoaji alikuwa ameshatangulia kushuka, haonekani.

Mkwe alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa boti. Akaninyooshea kasia, kwa mikono miwili, kichwa kimeinama kidogo, vile unavyompelekea mgeni sahani ya chakula. Nikalishika. Kisha akaliachia mkono mmoja, mkono ukaja kwenye bega langu, ukasimama umbali wa shubiri, ukarudi. Ukaja tena. Ukarudi.

Mikono inayosimama hewani naijua. Kila mwaka waliniletea wanafunzi wa uuguzi, na kila mmoja, mtoto wa kwanza alipotokeza, mikono yake ilisimama vile vile. Nilikuwa nagonga meza ya chuma na kusema: "Shika, si kioo." Haikusimama tena. Neno hilo lilikuwa mdomoni mwangu pale majini. Lakini nilimwona mtahini nyuma yake, na penseli, na nikaliona basi. Nikalimeza, pamoja na maji ya kutosha.

Na hapo, niseme ukweli, nikaogopa. Sikuogopa basi tena, niliogopa kufa. Maisha yangu yote mimi ndiye niliyesimama, mwingine ndiye aliyelala chini ananitazama usoni kujua kama atapona. Sasa mimi ndiye niliyekuwa chini. Nilimtazama yule kijana na sikuwa na neno lolote la kumwambia. Nadhani hakuwahi kuuona uso wangu bila neno ndani yake.

Akabadilika. Niliona kabisa.

"Achia kasia," akasema. Hapakuwa na samahani mbele wala nyuma. "Achia! Niangalie mimi. Piga miguu."

Nikaachia, nikamwangalia, nikapiga miguu. Akanikamata mikanda ya mabega kwa mikono yote miwili, na kitu cha kwanza alichofanya ni kunizamisha. Baadaye nilielezwa ndivyo inavyofanywa: unamshindilia mtu chini ili jaketi lenyewe lisaidie kumrusha juu. Wakati ule sikuwa na mtu wa kunieleza, nikajua tu kwamba amengoja miaka minne ya ukwe wetu na leo analipiza.

Kisha nikaruka. Alivuta, akaanguka chali ndani ya boti, na mimi nikaanguka juu yake, mkunga mzima, na nguo zilizolowa, pua yangu kwenye ndevu zake. Kwa desturi ya kijana yule, hapo ndipo angesema shikamoo.

"Mama, toka juu yangu," akasema. "Kaa. Shika kasia." Nilipokaa akanishika mikanda, akaikaza kwa mivuto miwili mpaka ikanitoka pumzi niliyokuwa nayo tangu mwaka juzi. "Wote, mbele! Kinyozi, acha kutazama nyuma! Mbele, mbele, kushoto nyuma, mama, nyuma, zaidi, hiyo ni kupapasa, piga!"

Nilipiga. Sijawahi kutii mtu namna ile. Mto ulifunguka mbele yetu kama ngazi zilizobomoka, akapiga kelele "Chini!" na sote tukaporomoka sakafuni, na mimi nikachelewa kidogo kwa sababu ya kiuno. "Mama, chini, kichwa!" Nikaficha kichwa. Maji yalipita juu yetu mara moja, mara mbili. Kulikuwa na mguu wa mke wa mwalimu mdomoni mwangu au karibu yake. Halafu mngurumo ukawa nyuma yetu badala ya mbele, na kinyozi akauliza kama tunarudia.

Ukingoni mkwe alianza kurudi kwenye hali yake. Alinisaidia kushuka, akafungua mdomo, "Mama, samahani sana, kule nilivyo..."

"Boti bado liko majini," mtahini akasema bila kuinua macho.

Mkwe akageuka. "Mama, shika kamba hii. Vuta." Nikavuta.

Boti lilipolala mchangani, mtahini alipiga mstari chini ya karatasi yake na kuja kwangu. Nilikuwa nakamua gauni.

"Wewe ni nani yake?" akauliza.

"Mama mkwe."

Alinitazama juu mpaka chini, maji yananichuruzika. Kisha akafungua tena kibao chake, akafuta kitu kwa kifutio, akaandika kingine.

"Ungesema mapema," akasema. "Ningempa mtihani mfupi zaidi." Akamwonyesha mkwe wangu karatasi. Nilisoma juu ya bega lake, sina aibu. Ilikuwa imeandikwa: "Ukaguzi wa majaketi: dhaifu. Jikoni: vibaya. Mahakama: nahodha. Amefaulu."

Mkwe hakupiga kelele wala kuruka. Aliketi juu ya boti akafunika uso kwa mikono, na mwalimu wa hesabu, ambaye hakuwa na uhusiano wowote na jambo lile, akalia.

Nyumbani binti yangu alikuwa amesimama mlangoni tangu tulipoondoka, au ndivyo ilivyoonekana. Alizitazama nywele zangu.

"Nani kaanguka?"

"Mama," mkwe akasema. "Nimefaulu."

Binti yangu alishindwa kuchagua la kushughulikia kwanza. Akatushika wote wawili kwa pamoja, na tumbo likiwa katikati. Mjukuu alinipiga teke la ubavu, nikajua anabaki. Sikulia. Maji ya mto yalikuwa bado yananichuruzika, basi.

Chakula kilipoandaliwa niliketi mezani nimejifunga taulo kichwani. Nilimsubiri mkwe achukue sahani yake aende jikoni, kama kawaida. Akavuta kiti, akaketi mbele yangu.

"Mama, nipe chumvi," akasema.

Nikampa. Binti yangu aliacha kijiko hewani, akatutazama, akaendelea kula.

Alitia chumvi, akakoroga mchuzi kwa muda mrefu kuliko mchuzi unavyohitaji.

"Ile siku nilipoletwa kwako," akasema, "uliniuliza swali."

"Maswali nimeuliza mengi, mwanangu. Lipi?"

"Uliniuliza kama nawarudisha."

Nilikumbuka vyote kwa mpigo: zulia, mjomba anapigwa mgongoni, mikono iliyokunjwa mapajani. Miaka minne kijana huyu alikuwa ananisalimia, mpaka mlangoni mwa choo, huku amebeba swali nililolisema ili watu wacheke. Niliona aibu, na mimi si mtu wa kuona aibu, sikujua niiweke wapi.

"Nawarudisha, mama," akasema.

"Nimeona," nikamjibu. "Na mimi ni mmoja wao."